Wapo Hapa: Mama Mawe na jiwe lililoipa barabara mgongo

Ukungu bado umekikalia kilima, lakini Mama Mawe tayari yuko mtaroni. Amepiga magoti juu ya gunia lililokunjwa, ndoo ubavuni, burashi ya katani mkononi. Dereva anayepanda mlima haoni mtu. Anaona mgongo wa jiwe pana la kijivu, kimo cha kiuno, na juu yake kilemba cha bluu kinachoibuka na kuzama.

Lori la saruji linapita likihema. Halipunguzi mwendo, maana halikuwa na mwendo wa kupunguza. Utingo anachungulia dirishani.

"Mama Mawe! Ndiyo leo?"

"Ndiyo leo."

"Pole sana, mama yangu."

"Pole ya nini? Mimi sihami. Linalohama ni jiwe."

Wanacheka wote wawili, lori linapinda kona. Halafu kicheko kinamwishia usoni, anachovya burashi na kuinama tena. Kabla ya adhuhuri gari la winchi litafika kuling'oa jiwe hili, na yeye ndiye aliyeachiwa kusema litakwenda wapi. Chini ya udongo anaoupigia magoti yumo baba yake.

Mama Mawe ni kibarua wa idara ya barabara. Ana miaka hamsini na tisa. Kazi yake ni kuosha mawe ya kumbukumbu yaliyosimikwa kando ya barabara kuu, na kuyapaka upya rangi nyeusi kwenye herufi zilizochongwa. Yako zaidi ya kumi, kila moja na kisa chake, na abiria wengi hupita wakiwa wamelala midomo wazi.

Liko jiwe la kivuko, linalosema kwamba hapo watu walivuka mto kwa pantoni. Mto wenyewe ulishahama kitambo. Sasa pana shamba la mahindi, na mwenye shamba humwambia kila mpita njia kwamba mahindi yake yanasubiri pantoni.

Liko la soko lililoungua. Hilo muuza nyanya mmoja amelifanya meza, na kila zamu ya kuoshwa ikifika lazima pawe na mazungumzo ya amani.

"Dada, sogeza nyanya nioshe historia."

"Historia hailiwi, Mama Mawe. Mimi nina watoto."

"Sogeza upande mmoja basi, nioshe nusu."

Na liko la mkunga aliyetembea kwa miguu kuzalisha wanawake wa vijiji vitatu. Hilo ndilo wapenzi wanaloandikia majina yao kwa mkaa. Mama Mawe huyafuta bila hasira. "Angalau wanajua safari yao inaishia kwa nani," anasema.

Halipwi kwa siku, analipwa kwa jiwe. Ujira wa jiwe moja, kwa maelezo yake, unatosha unga wa siku tatu na kipande cha sabuni, "na sabuni yenyewe inarudi kwenye jiwe." Aliianza kazi hii akiwa mfagiaji wa ofisi, mwoshaji wa zamani aliposhindwa na magoti. Alikabidhiwa ndoo, burashi na somo moja: anza chini.

"Ukianza juu," anaeleza, huku akisugua, "maji machafu yanateremka kwenye jiwe kavu, jiwe linayanywa, michirizi haitoki tena. Ukianza chini, yanateremka kwenye jiwe lililolowa. Yanapita tu, kama mgeni asiyekaribishwa chai."

Kwa hiyo Mama Mawe husoma kila kisa kuanzia mwisho. Jiwe la kilimani lina mistari sita:

WALITOKA KAMBINI ASUBUHI WAKIIMBA.
WALIKUWA WATU KUMI NA WANANE
WALIOKATA KILIMA HIKI ILI BARABARA IPITE.
MVUA ILINYESHA. KILIMA KIKASHUKA.
HAWAKUPATIKANA.
WAPO HAPA.

Mstari wa mwisho umechongwa kwa herufi kubwa kuliko mingine, kila herufi urefu wa kiganja.

"Nikianza, wako chini," anasema. "Nikipanda, kilima kinarudi mahali pake. Nikipanda tena, wanakata njia. Nikifika juu kabisa wako kambini, ni asubuhi, wanaimba. Hapo ndipo ninaposimama na kujinyoosha mgongo."

Baba yake alikuwa mpasua miamba katika lile kundi. Kilima kiliposhuka, binti huyu alikuwa bado anatambaa. Hakuna picha ya baba nyumbani wala kaburi popote. Liko jiwe tu, lililosimikwa miaka michache baadaye na mafundi waliokuwa wenzao.

Na jiwe hilo lina tabia ya ajabu: limeipa barabara mgongo. Maandishi yote yanakitazama kilima, upande wa mtaro. Anayetaka kusoma lazima ashuke garini, azunguke, aingie mtaroni na viatu vyake. Wachache huingia.

Tangu utotoni, Mama Mawe alikuwa na maelezo aliyopewa na mama yake. Mafundi waliligeuza makusudi, alimwambia, ili wale walioko chini ya udongo wajue kwamba wameandikwa. Jiwe linamtazama baba yako.

"Nilikuwa nikija hapa na mama, ananiambia, msalimie, anakuona. Mimi nasalimia. Hata nilipopata kazi hii, siku ya kwanza nilisalimia kabla sijashika burashi."

Mwaka huu barabara inapanuliwa. Tingatinga zimefika, mtaro utafukiwa, na njia mpya mbili zitapita pale pale liliposimama jiwe. Upande wa kilima, ukuta mrefu wa zege wa kuzuia udongo umeshainuka.

Mhandisi wa mradi, mwanamke mwenye umri wa kuwa bintiye, alimwita Mama Mawe kwenye kontena walilolifanya ofisi. Mezani palikuwa na kofia ngumu, vikombe viwili na mchoro mrefu wa barabara.

"Mama, jambo la kwanza," alisema, "pale hatutachimba. Nakuahidi. Tutajaza kifusi juu, tushindilie, tuweke lami."

"Yaani watakuwa chini ya magurudumu."

"Watakuwa chini ya barabara waliyoikata wenyewe." Mhandisi akajishika mdomo. "Samahani mama. Sikusema vizuri."

"Umesema vizuri, binti yangu. Endelea."

Akaendelea. Sehemu za kulipeleka jiwe zilikuwa mbili. Ya kwanza ni juu ya ukuta, kwenye kijukwaa cha zege kinachofikiwa kwa ngazi za mafundi wa mifereji. Huko litakuwa juu ya wale watu kabisa, lakini hakuna gari litakaloruhusiwa kusimama. Ya pili ni kituo kipya cha mapumziko, chini ya mlima, mwendo mfupi kwa miguu. Huko kuna viti, kivuli na vyoo, mabasi yatasimama, watu watasoma. Lakini huko hakulala mtu.

"Na wakipita na magari yao, hawawezi kulisoma huko juu ukutani?"

"Hawawezi, mama. Hata tukiligeuza uso. Dereva aliye kwenye mwendo anasoma maneno mawili. Akijitahidi, matatu. Zaidi ya hapo atakuwa anasoma, haendeshi."

Familia za wale kumi na wanane zimetawanyika. Waliopatikana waliitwa kikao, wakakaa kwenye viti vya plastiki mbele ya kontena, na wakagawanyika katikati. Wengine walisema kaburi halihamishwi. Wengine walisema kaburi lisilosomwa ni jiwe tu. Mmoja alipendekeza lipelekwe kwake, ana uwanja mkubwa. Mwishoni walikubaliana jambo moja: wewe unayeliosha, wewe uliyebaki karibu, amua.

"Walinipa heshima wakaenda zao," anasema Mama Mawe. "Heshima ile ilinikaa kifuani kama gunia la saruji."

Nyumbani, bintiye ambaye ni fundi cherehani hakuficha upande wake. Anasimulia mwenyewe, mguu ukiwa bado kwenye pedali, kwamba alimwambia mama yake alipeleke jiwe kituoni na mjadala uishe.

"Nilimwambia, mama, umekuwa ukimsoma babu peke yako maisha yako yote. Tuachie na sisi. Halafu zile ngazi utazipandaje na ndoo, kwa magoti yale?"

"Nikamwambia magoti yangu yasiingizwe kwenye kikao," anadakia mama kutoka chumba cha pili.

Moyo wake ulikuwa umeshachagua ukutani. Aliwaza litawekwa juu, uso kuelekea kilima, liendelee kuwatazama kama lilivyokuwa likiwatazama. Kama hakuna atakayesoma, basi. Lilisimikwa kwa ajili yao, si kwa ajili ya abiria.

Kabla ya kumjibu mhandisi, akaona amwarifu kwanza shangazi yake, dada mdogo wa marehemu baba, ambaye miguu ilimzuia kufika kikaoni. Alimkuta sebuleni anapeta mchele, ungo mapajani, redio ikizungumza peke yake.

"Shangazi, nimeamua. Litapanda juu ukutani, liendelee kuwatazama, kama walivyokusudia."

"Walivyokusudia akina nani?"

"Mafundi. Wenzake baba. Si ndio walioligeuza?"

Shangazi akauweka ungo chini taratibu. "Waligeuza nini? Nani kakwambia?"

"Mama."

"Mama yako siku ile hakuwapo. Mimi nilikuwapo, nilikuwa msichana wa kuwachotea maji mafundi. Hakuna aliyegeuza kitu, mwanangu. Walikosea."

Jiwe, alieleza shangazi, lilitoka kwa mchongaji likiwa limevikwa gunia na kufungwa kamba, uso usije ukakwaruzwa njiani. Mafundi wakaona hilo ni jambo la busara, wakalisimamisha na gunia lake. Wingu likatanda, wakamwaga zege kwa haraka, wakakimbilia kambini. Mvua iliponyamaza na zege kukauka, walirudi kwa furaha kulivua gunia. Wakakutana na kisogo.

"Fundi mkuu alikaa chini akashika kichwa. Kulivunja zege, jiwe litapasuka. Kuliacha, aibu. Na mgeni rasmi yuko njiani!"

"Sasa mgeni rasmi alihutubia wapi?"

"Mtaroni! Na viatu vyake vyeupe! Sisi tumesimama barabarani tunamwona kofia tu. Tukapiga makofi kwa kofia."

Walicheka mpaka shangazi akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Halafu shangazi akagundua kwamba Mama Mawe hacheki tena.

"Shangazi, mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Hukuniuliza. Na ulivyokuwa ukisimulia ilikuwa nzuri kuliko yenyewe. Ningekukatisha vipi?" Akamshika mkono. "Lakini nikwambie kitu. Baba yako alikuwa mtu wa watu. Akiona mgeni anapita, lazima amsimamishe amuulize habari za atokako. Huyo ndiye wa kutazama udongo miaka nenda miaka rudi? Mafundi walimjua. Lile jiwe walilichonga ili lizungumze na wapita njia."

Mama Mawe anasema alirudi nyumbani. Bintiye alimpakulia, hakula. Alijihisi, kwa maneno yake, kama mtu aliyekalia kiti cha wageni tangu utotoni akidhani ni chake.

"Haikuniuma kwamba walikosea. Iliniuma kwamba baba hakuwa ananitazama mimi."

Kisha anaongeza: "Na mama alijua, au hakujua? Sasa nitamuuliza nani."

Kwa hiyo jiwe lingekwenda kituoni. Hilo lilikuwa limeamuliwa, na hapo ndipo mstari wa mwisho ulipomshika shati. Wapo hapa. Kituoni hawapo. Watu wangesimama na soda zao wakisoma "wapo hapa" huku wakitazama choo cha kulipia.

"Nimeosha maneno yale miaka yote hii kwa sababu ni kweli," anasema. "Siwezi kuanza kuosha uongo."

Jibu lilimjia kazini, mbele ya jiwe la soko. Muuza nyanya alikuwa amemsogezea nusu, naye akaanza chini kama kawaida. Akausugua mstari wa mwisho, akausuuza, akainuka kuchota maji mengine. Aliporudi aliukuta ule mstari peke yake uking'aa, na mingine yote juu yake bado na vumbi. Ulisomeka wenyewe, bila msaada wa wenzake.

Aliacha ndoo kwa muuza nyanya na kupanda gari la kwanza hadi kwenye kontena.

"Binti yangu, hodi. Ulisema dereva anasoma maneno mangapi?"

"Mawili, mama. Kwani vipi?"

"Basi mimi ninayo mawili."

Mhandisi hakuelewa, kisha akaelewa. Anasema alitoka nje bila kofia, akavuka barabara, akasimama ng'ambo na kulitazama jiwe lililompa mgongo, akipima kwa jicho herufi asizoziona. Urefu wa kiganja. Kwa mwendo wa kupanda mlima, zingesomeka. Aliporudi alikuwa na swali moja tu: je, jiwe litakubali kukatwa?

Swali hilo ndilo lililoletwa leo asubuhi mtaroni.

Gari la winchi linafika ukungu ukiwa umeinuka. Mafundi wanalivunja zege la zamani kwa nyundo, wanalifunga jiwe mikanda, linapanda hewani, kwa mara ya kwanza linageuka na kuitazama barabara. Dereva mmoja wa basi dogo anapiga honi, labda kwa heshima, labda kwa sababu ya foleni. Wanalilaza juu ya magogo. Fundi wa kukata, mwanamume mnene mwenye miwani ya kazi, anapitisha kidole kati ya HAWAKUPATIKANA na WAPO HAPA. Nafasi ni nyembamba.

"Mama, nikwambie ukweli," anasema. "Hili ni la zamani, na mvua limezinywa nyingi. Linaweza kupasuka likatuharibia yote."

Shangazi ameletwa, amekalia kiti cha plastiki kando ya tingatinga, mkoba mapajani. Binti wa Mama Mawe yuko nyuma yake. Wote wanamtazama mwoshaji.

"Kata," anasema Mama Mawe.

"Linahitaji maji muda wote, msumeno usipate moto. Kijana wangu hajafika na pipa."

"Maji ninayo mimi."

Anapiga magoti na ndoo yake. Msumeno unapiga kelele hadi watu wanaziba masikio. Yeye anamimina, kidogo kidogo, pale pale jino linapopita, na tope la kijivu linamtiririkia mikononi na kwenye kanga. Hamtazami fundi wala hatazami msumeno. Macho yake yako juu kabisa, kwenye mstari wa kwanza, na midomo inacheza. Haisikiki anasema nini.

Msumeno unanyamaza. Fundi anaingiza patasi, anagonga mara moja, anagonga tena. Kipande kinaachana na mwenzake. Pembe moja ya chini imemeguka, ukubwa wa kipande cha sabuni. Herufi zote ziko salama.

Hakuna anayepiga makofi. Shangazi anasema tu, "Haya," kama mtu aliyetua mzigo.

Jiwe kubwa linapakiwa kuelekea kituoni. Kipande chenye maneno mawili kinapandishwa kwenye kijukwaa cha ukuta, uso kuelekea barabara, na zege linachanganywa. Fundi mmoja anatafuta kitu cha kukifunika kisirushiwe matope. Anaona gunia mtaroni, analiokota.

"Wewe! Weka chini!" Sauti ya Mama Mawe inawashtua hata walioko upande wa pili wa barabara. "Safari hii hakivikwi kitu chochote. Wazi hivyo hivyo, nikikiona!"

Shangazi anacheka mpaka kiti kinalia. Mafundi, ambao hawajui kisa, wanalirudisha gunia chini kwa uangalifu mkubwa, kama lenye bomu.

Alasiri, lori la saruji la asubuhi linateremka likiwa tupu, safari hii lina mwendo. Utingo anainua macho ukutani.

"WAPO HAPA!" anasoma kwa sauti. Kisha, lori likiwa tayari linampita, anageuka dirishani. "Akina nani?"

"Simama kituoni!" Mama Mawe anampigia kelele. "Simama usome!"

Taa za breki za lori zinawaka pale chini, kwenye kona ya kuingilia kituoni. Anazitazama mpaka zinazimika.

Mhandisi amemwahidi kwamba mawe yote mawili yatabaki mikononi mwake, na kwamba ngazi za ukutani zitawekewa mkono wa kushikia. Bintiye anataka awe anampandishia ndoo. Mama Mawe anasema atalifikiria hilo siku magoti yatakapoandika barua ya kuacha kazi. Anachotaka kwa sasa ni mchongaji atakayeweza kuongeza majina kumi na manane nyuma ya jiwe la kituoni, kwenye mgongo ule ambao barabara iliutazama miaka yote ukiwa mtupu. Majina ameshaanza kuyakusanya kwa familia. La baba yake hataki liwe la kwanza. "Liwe katikati ya wenzake," anasema. "Alikuwa mtu wa watu."

Na kazi yenyewe, kazi iliyogawanyika sasa katika sehemu mbili za mlima mmoja?

"Haijabadilika. Nitaanza huku juu walikolala, nioshe yale maneno mawili. Niteremke na ndoo yangu mpaka kituoni. Nianze chini, kilima kirudi mahali pake, wakate njia yao." Anakunja gunia lake, analiweka kwapani. "Nitamalizia pale pale pa siku zote, wanapotoka kambini. Tofauti ni kwamba sasa nikifika kwenye wimbo wao, kutakuwa na watu wengine wanaosikia."